Shafti ya Mikono Minne

Misima, Handeni
10 Juni 1974

Mpwa wangu Mhina,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi wote tupo. Mama yako Mwaija ana kikohozi cha vumbi, si cha kutisha. Mke wangu Fatu anakusalimu, anasema umekonda hata kwenye barua. Mahindi yameungua nusu, mihogo imevumilia.

Sasa neno lenyewe. Tangu tuhamie kijiji kipya tumechimba kisima, pima kumi na moja. Maji yapo tena matamu, ila kuyatoa ndiyo kazi. Wanawake wanavuta kamba kwa mikono, wawili wawili, na ndoo moja inachukua muda wa mtu kumaliza sahani ya ugali. Tuko kaya sabini. Wengine wameanza kurudi mahameni, kule tulikohamishwa, kimyakimya. Mkubwa mmoja alikuja kutoka wilayani, akatazama foleni, akasema kisima kisipotosheleza kaya zote hadi Idi, tutapakiwa tena kwenye lori twende kijiji kingine chenye bomba. Nyumba yangu ina miezi saba. Ya mama yako upande mmoja haujakandikwa. Yeye amesema hahami mara ya pili, atabaki hapa na fisi.

Basi mkutanoni nikasimama. Nikasema mimi Mwinjuma mhunzi nitatengeneza winchi ya mkono. Shafti ya chuma inalala juu ya mdomo wa kisima kati ya nguzo mbili, katikati gogo la mninga la kuzungushia kamba, pembeni mpini. Mwanamke mmoja anazungusha, ndoo inapanda. Mwenyekiti wetu Muhidini akacheka. "Mzee Mwinjuma, wewe tufulie majembe. Mambo ya mashine waachie wenye mashine." Watu wakacheka pamoja naye. Nimeshasema, siwezi kumeza.

Huku chuma kinene cha mviringo hakuna. Huko kwenye mashamba ya mkonge kimelala tele, majani yanaota juu yake. Nitafutie shafti nene kama mpini wa jembe, iliyonyooka, urefu mikono minne kamili. Unakumbuka siku ulipoondoka tuliweka mikono yetu ya kulia kwenye kizingiti cha karakana, kiwiko kwa kiwiko, ikalingana hadi ncha ya kidole. Ukipima kwa mkono wako ni kama nimepima mimi. Nguzo nazijenga kwa kipimo hicho hicho, maana saruji ni mfuko mmoja tu.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Makuyuni, Korogwe
24 Juni 1974

Mjomba, shikamoo. Shikamoo kwa mama na kwa mama Fatu.

Nikisema mimi mzima kabisa nitakuwa muongo. Mgongo unauma na miguu imejaa miiba. Nililetwa hapa kukata mkonge, sasa wamenihamishia kwenye korona, ile mashine inayosaga jani na kubakiza katani. Kelele zake zinanifuata hadi kwenye chakula. Wenzangu wananiambia utazoea. Nina miaka minne hapa, sijazoea hata uji wao. Mwambie mama anywe asali na ndimu. Na herufi zangu mnivumilie, darasa la tatu ndilo lililonitupa.

Nimekwenda kutazama chuma. Yupo fundi wa karakana hapa, Isaka, Mshambaa, mtu wa maneno mengi lakini moyo wake safi. Alinipeleka nyuma ya ghala kwenye vyuma chakavu. Mjomba, ungelia kwa furaha. Kuna nondo, hizo niliziacha, zinapinda kama bamia. Kuna springi za lori, ngumu, msumeno hauziingii mpaka uzipashe moto na kuzizika kwenye majivu zipoe. Kuna reli za troli za kubebea mkonge. Na kuna shafti mbili za mashine ya zamani. Nilizibingirisha kwenye sakafu ya saruji kama ulivyonifundisha. Moja ilikwenda inarukaruka, imepinda tumbo. Ya pili iliteleza kimya mpaka ukutani. Nikaigonga kwa nyundo, ikalia kama kengele, haina ufa. Hiyo ndiyo yako.

Ni ndefu mno kupakiwa kwenye basi, kwa hiyo lazima ikatwe. Isaka akanitolea futi kamba. Nikamwambia sihitaji, kipimo changu ninacho kiwikoni. Akasema, "Wazigua mnapima kwa mikono kwa kuwa mnaogopa kuhesabu." Nikamwambia Washambaa wanapima kwa futi kwa kuwa hawaaminiani. Tukacheka.

Mwenye ghala anasema hauzi mpaka apate kibali cha maandishi. Fedha nitatafuta mwenyewe, usisumbuke. Nipe mwezi mmoja.

Mhina


Misima
4 Agosti 1974

Mhina,

Tunakusalimu sote. Kikohozi cha mama yako kimeondoka, asali imefanya kazi.

Mwezi umepita na siku zaidi. Nguzo zimeshasimama, saruji imekauka, ukiigonga inaumiza mkono. Kila nikipita Muhidini ananiuliza, "Mzee, winchi inakuja kwa miguu?" Jana Mwanaidi, yule jirani wa mama yako, kamba ilimchana viganja, ndoo ikarudi chini na kamba yote. Tulishinda tunaiopoa kwa kulabu.

Siulizi fedha, nauliza kama upo. Hujawahi kukaa kimya hivi.

Mwinjuma


Makuyuni
19 Agosti 1974

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Mwandiko huu si wangu, ni wa Isaka. Nimemwomba aniandikie kwa sababu kazi imekuwa nyingi na mkono umechoka. Msiwe na wasiwasi. Nilikaa kimya kwa sababu sikuwa na la kusema.

Shafti nimeinunua. Kibali kilitoka, fedha zikapatikana. Usiulize kwa njia gani, ni za halali. Tuliikata Jumapili, mimi na Isaka. Nililaza mkono juu ya chuma, Isaka akapiga alama kwa tindo kwenye ncha ya vidole. Nikasogea, akapiga tena, mpaka mikono minne. Alama utaziona, sikuzifuta. Halafu msumeno. Isaka ndiye aliyekata zaidi, mimi nilimimina mafuta. Tulivunja meno ya misumeno miwili. Tulianza saa mbili asubuhi, adhuhuri ikatukuta bado chuma kinacheka. Kilipoanguka kilitikisa sakafu na mpishi wa kambi akaja mbio akidhani boila imepasuka.

Basi la Handeni lilitupa shida. Kondakta alisema, "Hiki ni chuma au ni mzinga? Sitaki kusimamishwa na askari." Isaka akamwambia ni mguu wa kitanda cha mjomba wake, mtu mnene sana. Kikapanda juu. Utakichukua Handeni kwa wakala, nimeandika jina lako kwa rangi.

Nimeweka na kamba mpya ya katani, pima kumi na tatu. Hiyo tuligawiwa.

Mpwa wako,
Mhina

Mimi Isaka naongeza neno langu. Mzee, huyu mpwa wako ni mbishi. Mwambieni apumzike, tukimwambia sisi hasikii.


Misima
28 Agosti 1974

Mhina,

Salamu zimefika. Mama yako anauliza huyo Isaka anataka upumzike kitu gani. Nami nauliza.

Lakini leo nina hasira, nitaandika nikiwa nayo. Nilikwenda Handeni nikachukua shafti, nikaibeba begani mpaka kijijini. Watu wakajaa kisimani. Muhidini akaja na kiti chake. Tukaiinua mimi na Fatu, tukailaza juu ya nguzo. Haikufika. Mhina, imepungua upana wa kiganja! Ukiiweka upande huu, upande ule unaning'inia hewani. Muhidini akauliza mbele ya watu, "Mzee, kile kipande kingine kimebaki Korogwe kinafanya kazi?"

Nilikwambia mikono minne kamili. Hicho kipande kimekwenda wapi? Umekiuza? Au mlikuwa mmelewa, wewe na huyo Mshambaa wako? Saruji siwezi kuibomoa. Ramadhani iko mlangoni, na Idi nyuma yake. Kama ulichoka kunisaidia ungesema, ningetafuta kwingine.

Nimeandika, nimetua.

Mwinjuma


Makuyuni
5 Septemba 1974

Mjomba shikamoo.

Sikuuza kitu. Sikulewa. Nilipima mikono minne na Isaka ni shahidi. Labda wewe ndiye uliyejenga vibaya.

Mwambie mama mimi mzima.

Mhina


Misima
13 Septemba 1974

Mpwa wangu,

Marahaba.

Barua yako imefika, maneno machache na herufi zimetawanyika kama kuku wamepita juu yake. Nikasema kijana ana kiburi, anaandika kwa kuruka. Nikaiweka.

Kisha jana nikakaa chini karibu na ile shafti, nikaitazama kwa mara ya kwanza bila Muhidini kuwapo. Nikalaza mkono wangu kuanzia mwisho. Alama yako ya kwanza ya tindo haikufika kwenye ncha ya vidole vyangu. Iliishia kwenye pingili ya mwisho. Nikahamia kwenye alama ya pili, nikalaza tena. Pingili ile ile. Ya tatu, pingili ile ile. Na pale ulipokata, vivyo hivyo. Nikarudia mpaka Fatu akauliza, "Unaisomea dua?"

Mhina, mwizi anakata mwishoni. Mlevi anakosea mara moja hapa, mara moja pale. Hakuna anayepunguza sawasawa mara nne. Na mkono wa mtu mzima haupungui.

Kisha nikachukua tena barua zako. Ile ya Juni ni mwandiko wako. Ya Agosti si wako. Ya juzi ni ya kuku.

Sijamwambia mama yako kitu. Nakuuliza mimi, ndugu wa mama yako, na unijibu mimi. Vidole vyako viko wapi?

Mwinjuma


Makuyuni
24 Septemba 1974

Mjomba, shikamoo. Ramadhani njema kwenu.

Vitatu. Cha shahada, cha kati na cha pete, pingili moja moja. Mkono wa kulia. Ilikuwa tarehe tisa Julai, saa nne asubuhi. Jani lilikwama kwenye korona, nikalisukuma kwa mkono badala ya fimbo. Kosa ni langu, nilikuwa nimechoka, na tulikuwa tumeambiwa. Nililazwa wiki tatu hospitali. Ndicho kile kimya.

Sikuandika kwa sababu mama angekuja kwa miguu. Na kwa sababu niliona aibu. Nilitoka nyumbani nikisema nitarudi na baiskeli.

Kuhusu kipimo, nimekaa nikicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Siku ile nililaza mkono kwenye chuma bila kufikiri kitu, kwa maana kichwani mwangu vidole bado vipo. Hata sasa vinaniwasha, nataka kukuna, nakuna hewa. Isaka naye ananiona kila siku na mkono huu, akapiga tindo pale palipoishia nyama. Hatukuwaza hata mmoja. Tulikuwa wanaume wawili wenye akili timamu na futi kamba imetundikwa ukutani mbele yetu.

Fedha za shafti zilikuwa fidia ya vidole. Sasa umejua yote. Sitaki unirudishie, wala usinihurumie. Nilitaka kitu kimoja kitoke hapa kiende nyumbani kikafanye kazi, na kikatoka kifupi. Hilo ndilo linaloniuma kupita mkono.

Kipande kilichobaki bado kipo ghalani lakini kutoka hapo mikono minne haipatikani tena. Mjomba, niambie la kufanya. Siku zimekwisha.

Mhina


Misima
21 Oktoba 1974

Mhina mpwa wangu, fundi mwenzangu,

Marahaba, na Idi yetu imepita salama. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Ulipouliza la kufanya nilikuwa nimeshaanza. Nilijiambia, Mwinjuma, wewe ni mhunzi, si seremala. Ubao ukiwa mfupi ni mfupi. Chuma kikiwa kifupi ni kwamba hujakipiga. Nikafunga mnyororo kwenye boriti ya karakana, nikainingʼiniza shafti ili uzito usinishinde, ncha moja ikaingia motoni. Fatu akashika mivukuto. Tulikuwa tumefunga, kwa hiyo tulifua alfajiri baada ya daku, jua likipanda tunaacha. Ikiwa nyekundu ya chungwa naitoa, napiga, nageuza, napiga. Ncha inakonda na kurefuka, inakonda na kurefuka. Fatu akasema, "Nawe ungenipiga hivyo miaka ile ningekuwa twiga." Nikamwambia afunge kinywa, amefunga. Siku nne ncha ya kwanza, siku tatu ya pili. Mkono sikuutumia kupimia. Nilikwenda na kijiti mpaka kwenye nguzo, nikakikata papo hapo.

Sasa sikiliza hili. Ncha zikiwa nyembamba kuliko mwili wa shafti, pale zinapoanzia pametokea bega. Bega hilo linaegemea nguzo kwa upande wa ndani, shafti haitembei kushoto wala kulia. Ungeniletea urefu kamili ningeilaza hivyo hivyo, na baada ya mwezi ingekuwa inachezacheza na kula saruji. Sikuwa nimelifikiria. Najua nalisema kama sifa, lakini ni kweli.

Siku tatu kabla ya Idi tuliilaza. Ikakaa kimya kama mtoto aliyeshiba. Nikafunga gogo, nikafunga kamba yako ya katani, nikapaka mafuta ya mbarika. Muhidini alikuwapo na kiti chake. Nikamwambia, "Mwenyekiti, wewe ndiye mwenye mashine, anza." Akashika mpini kwa mkono mmoja, akazungusha kama mtu anayetarajia kuaibishwa, na ndoo ikatokeza imejaa, haijamwaga tone. Akaitazama. Akasema, "Mzee, hii nyepesi." Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mwanaidi akamwondoa pale kwa bega, "Pisha, Mwenyekiti, wengine tuna kazi." Muhidini hajaketi tena kwenye kile kiti, amekiacha kisimani, wazee wanakitumia wakisubiri zamu.

Yule mkubwa wa wilaya alikuja siku moja kabla ya Idi. Alisimama na saa yake. Kabla ya adhuhuri kaya zote sabini zilikuwa zimechota, na ndoo ya mwisho tulimpa anawe uso. Akafungua daftari, akafuta mstari mmoja, akasema, "Hamhami." Ni neno moja tu alilosema, na watu waliruka kama wameambiwa mvua inanyesha mchele. Watu wa mahameni wameanza kurudi, kaya nne hadi jana.

Kuhusu mama yako, nilimwambia mimi mwenyewe, jioni ya Idi. Nilimwambia yote, vidole, hospitali, fidia. Hakulia. Alisimama, akajifunga kanga, akaenda kisimani. Akashika mpini, akavuta ndoo ya kwanza, akaimwaga kwenye mtungi wa Mwanaidi. Akavuta ya pili. Wanawake wakasema, "Mwaija, tupokezane." Akavuta ya tatu. Alijaza vyombo vyote vilivyokuwa pale, kumi na vitano, vya watu wote, peke yake, kisha akalaza kiganja kwenye ile shafti akakiacha pale. Aliporudi nyumbani akaniambia, "Mwandikie aje."

Nimeandika. Nilikuita mwizi, nisamehe. Watu wa vijiji viwili vya jirani wamekuja, wanataka winchi kama yetu, na fedha zao za chuma zinakuja pamoja na barua hii. Mimi wa kufua nipo, wa kwenda kuchagua chuma na kukitambua sina. Koleo linashikwa kwa kidole gumba na kiganja, nimejaribu nimefunga vitambaa kwenye vidole vitatu. Linashikika.

Mjomba wako,
Mwinjuma


Korogwe
2 Novemba 1974

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo, shikamoo tena. Mama Fatu, nimecheka mpaka Isaka akaninyang'anya barua ajisomee.

Barua hii naandika mwenyewe, kwenye benchi la stendi, na mzigo wangu chini ya miguu. Kazi nimeacha jana. Msimamizi aliuliza nakwenda kufanya nini na mkono huo. Nikamwambia nakwenda kwetu, kuna kijiji kilikuwa kihame na hakikuhama. Hakuelewa. Nikamwacha na kutoelewa kwake.

Baiskeli sina. Nina shafti mbili, za vile vijiji viwili, kwa fedha walizotuma, maana ghalani wameleta vyuma vya mashine nyingine iliyobomolewa. Tuliweka futi kamba kwanza, halafu tukazidisha vidole vinne kila upande, vya kufua. Isaka amekuja mpaka stendi kunisindikiza, amebishana na kondakta kwa niaba yangu, wamenipa sehemu yote ya juu ya basi.

Jambo moja tu nataka mlijue kabla sijafika. Jana nilipokwenda ghalani kuchagua, nilikuwa nimevaa nguo za kazi zile zile, zenye utomvu wa mkonge. Mwenye ghala, yule yule aliyenizungusha mwezi mzima kwa kibali, alinitazama nikibingirisha vyuma, nikigonga, nikisikiliza, nikikataa kimoja, nikikataa kingine. Miaka minne hapa nimeitwa kibarua, nimeitwa wewe, nimeitwa namba. Akasogea, akavua kofia, akauliza, "Fundi, unataka ipi?"

Niligeuka kutazama nyuma yangu kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Nikamwambia, "Ile ya chini kabisa. Itoe taratibu."

Mhina